Mchumba wangu anasema akina Aretha ndio waliovunja ndoa za Weusi. Ana hoja?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nimechumbiwa na Mmarekani Mweusi, kijana mtaratibu, harusi tumepanga Desemba. Kwao wanapenda sana muziki wa soul wa zamani. Julai tulikuwa kwa wazazi wake, watu wanachoma nyama uani, baba yake akaweka ule wimbo wa James Brown wa dunia ya wanaume. Shangazi yake akainuka na bia yake mkononi, akautoa, akaweka 'Respect' ya Aretha Franklin. Watu wakacheka, mchumba wangu hakucheka. Kwenye gari akaniambia nyimbo kama hizo ndizo zilizowafundisha wanawake wao kiburi, kwamba zamani soul ilimheshimu mwanaume, wanawake wakaja kuiharibu, na ndiyo maana watoto wengi wa Weusi wanalelewa bila baba. Tangu siku hiyo ananitumia video za wanaume wanaosema hayohayo. Anasema amenichagua mimi kwa kuwa wanawake wa Kiafrika tunajua nafasi yetu. Wiki iliyopita ameongeza kwamba tukishaoana mshahara wangu uwe unaingia kwenye akaunti yake. Je, kihistoria ana hoja? Na mimi nisimame wapi, maana hata kwetu tumefundishwa mume ni kichwa?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale kwenye akaunti. Tutafika huko. Kwanza nikujibu la historia, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu mwenzio amesimamisha hoja nzito juu ya wimbo ambao, naona, hajakaa chini akausikiliza.

"Respect" ni wimbo wa mwanaume. Aliutunga Otis Redding, akaurekodi 1965. Anayesema ndani yake ni mume anayerudi kutoka kazini: hela zangu zote nakuletea wewe, ninachoomba ni heshima kidogo nikifika nyumbani. Hadi hapo mchumba wako angepiga makofi. Lakini sikiliza vizuri yale maneno ya mwanzo. Otis anamwambia mwanamke kwamba akitaka kumkosea, amkosee tu, ilimradi iwe wakati yeye hayupo. Akirudi akute adabu. Huyo si mfalme wa nyumba. Ni mtu aliyechoka, anajua hana uwezo wa kuyalinda yote, basi anaomba walau asiaibishwe mlangoni kwake.

Aretha aliuimba New York tarehe 14 Februari 1967, ndugu zake Carolyn na Erma wakimwitikia. Maneno aliyobadilisha ni machache, ila amebadilisha yale yenyewe. Pale Otis anaposema nikosee nikiwa sipo, Aretha anajibu kwamba yeye hatamkosea mwenzake akiwa hayupo, kwa sababu hataki. Pale Otis anapotoa hela zake, Aretha naye anatoa zake. Anasema busu la mume ni tamu kuliko asali, na hela za mke nazo ni tamu vilevile. Ile sehemu ya kutaja herufi moja moja, ambayo kila harusi watu wanaipigia kelele, kwa Otis haimo kabisa.

Sasa tuwapime hao wawili. Mke wa wimbo wa Aretha anaahidi uaminifu ambao mume wa wimbo wa Otis alishaukatia tamaa. Analeta hela nyumbani. Anachodai ni kilekile mwanaume alichokidai miaka miwili kabla, tena kwa jina lilelile. Kama kudai heshima ukirudi kutoka kazini ni kiburi, basi kiburi alianza nacho Otis. Yeye mwenyewe aliyachukulia kwa utani: Juni 1967, jukwaani Monterey, California, aliwaambia watu kwamba huu ni wimbo ambao msichana mmoja amemnyang'anya. Desemba mwaka huohuo ndege ilimuua, akiwa na miaka 26.

Na ule wa James Brown, wa 1966, baba mkwe wako mtarajiwa naye anausikia nusu. Ni kweli unaanza kwa kuhesabu kazi za wanaume: magari, treni, taa za umeme, safina ya Nuhu. Lakini kila akimaliza kuhesabu anarudi palepale, kwamba yote hayo si kitu bila mwanamke, na wimbo unaisha mwanaume amepotea nyikani. Halafu tazama majina ya watunzi. Yako mawili, na la pili ni Betty Jean Newsome. Wimbo ambao wanaume wanauweka kama katiba, mwanamke ameutilia saini.

Wewe ni mtoto wa Tanga, kwa hiyo hapa sihitaji kukueleza sana. Unajua mipasho. Vikundi vya taarab vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana nyimbo miaka ya 1990, hakuna aliyetoka ukumbini akidhani ametungiwa sheria ya ndoa. Mtu alichagua upande wake, akainuka na noti kwenda kutunza, akarudi kwake kuishi na mume yuleyule. Shangazi mwenye bia alifanya hivyohivyo uani. Soul ya Wamarekani Weusi imejaa majibizano ya namna hiyo, na ukikata upande mmoja ukauita mila, umeondoka na nusu ya mazungumzo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "Woman to Woman" wa Shirley Brown, 1974. Unaanza na simu. Mke amepekua mifuko ya mume, amekuta jina na namba ya mwanamke anayeitwa Barbara, anampigia. Hatukani. Anamweleza kwa upole wa kutisha kwamba nguo anazovaa yule bwana anazinunua yeye, gari analoendesha analilipia yeye kila mwezi, kitanda anacholalia na chakula anachokula ni jasho lake yeye. Haukupita muda mrefu, mwimbaji Barbara Mason akatoa wimbo wa kujibu, kwa niaba ya yule Barbara wa kwenye simu. Ungedhani uko Tanga, kwenye sherehe, khanga zinaongea.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, huyu mke hamdharau mume. Anamlisha, anamvisha, anampigania. (Mimi binafsi ningemfungia na mizigo yake nikamtumia Barbara, lakini sikuulizwa.) Pili, wimbo huo waliutunga wanaume watatu: James Banks, Eddie Marion na Henderson Thigpen. Kalamu na studio kwa sehemu kubwa zilikuwa mikononi mwa wanaume. Hata "Midnight Train to Georgia" wa Gladys Knight, 1973, ambao mwanamke anaacha maisha yake ya Los Angeles kumfuata mwanaume aliyeshindwa mjini, mtunzi wake ni Jim Weatherly, Mzungu wa Mississippi. Na jukwaani mwanamke huyo anayeimba kumfuata mume ndiye amesimama mbele. Nyuma yake wanaume watatu, kaka yake na binamu zake wawili, wanazunguka kwa hatua moja na kumwitikia. Nafasi ya nani iko wapi hapo? Kila mtu amekaa panapomfaa wimbo.

Wanaume nao walisemana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1968 Johnnie Taylor aliwauliza wenzake: wakati wewe uko nje na wa watu, wako yuko na nani? Katika watunzi wanne wa wimbo huo mmoja ni mwanamke, Bettye Crutcher. Kwa hiyo ile hadithi ya soul iliyomheshimu mwanaume mpaka wanawake wakaiharibu haina mwaka unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Ugomvi ulikuwemo tangu siku za mwanzo, na pande zote mbili ziliuchangia.

Lakini kwa nini ugomvi huu umewashika Weusi wa Marekani kwa ukali namna hiyo? Hapa mwanangu unisikilize kwa makini, kwa sababu mchumba wako ana jeraha la kweli. Amekosea tu aliyempiga.

Ile nyumba ya mume analeta na mke anakaa, Weusi wengi wa Marekani hawakuwahi kupewa nafasi ya kuijenga. Utumwani mwanamke alilima shamba moja na mwanaume na kuchapwa kwa mjeledi mmoja, na sheria haikuitambua ndoa yao; bwana aliweza kumuuza mmoja wao kesho yake. Baada ya utumwa mshahara wa mume Mweusi haukutosha nyumba, kwa hiyo mke akawa mfuaji na mpishi katika nyumba za Wazungu. Waliohamia Detroit na Chicago waliukuta mchezo uleule, afadhali kidogo kwa yule aliyepata kazi ya kiwanda cha magari. Hela za mwanamke zilikuwa mezani vizazi vingi kabla Aretha hajaziimba.

Mwaka 1965, mwaka uleule wa "Respect" ya Otis, afisa wa Wizara ya Kazi aitwaye Daniel Patrick Moynihan aliandika ripoti juu ya familia ya Weusi. Alitaja utumwa na ukosefu wa kazi, hilo tumpe haki yake. Kilichobaki midomoni mwa watu, hata hivyo, ni ile sehemu iliyosema tatizo ni nyumba zinazoongozwa na akina mama. Ukizisikiliza zile video unazotumiwa, utaikuta ripoti hiyo imevaa kofia ya kapelo na kukaa mbele ya maikrofoni.

Wakati huohuo serikali zenyewe zilikuwa zinamfukuza baba. Majimbo kadhaa yalikuwa na kanuni kwamba mama anayepokea msaada wa serikali kwa ajili ya watoto akionekana ana mwanaume, msaada unakatwa. Kule Alabama mama mjane mwenye watoto wanne alikatiwa 1966 kwa sababu tu kuna mwanaume aliyekuwa akimtembelea mwisho wa wiki. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Juni 1968 majaji wote wakaitupa kanuni ile. Fikiria miaka kabla ya hapo: afisa ustawi wa jamii anabisha hodi, watoto wanakimbia kuficha viatu vya mwanaume chini ya kitanda. Filamu ya "Claudine", 1974, imelionyesha jambo hili vizuri sana, mama na watoto wanahangaika kuficha vitu vya ndani kabla afisa hajaingia. Nyimbo zake alitunga Curtis Mayfield, akaimba Gladys Knight na wenzake, na mmojawapo unamsema waziwazi bwana wa ustawi. Ukitafuta wimbo wa soul unaoeleza kwa nini baba hayupo nyumbani, anzia hapo.

Baadaye viwanda vikafunga, magereza yakajaa wanaume Weusi. Mtoto aliyekulia katika hayo, akiuliza nani alimtoa baba yangu, ni rahisi kumwonyesha shangazi mwenye sauti kubwa. Kiwanda hakipo tena cha kuonyeshwa.

Anayo hoja mahali? Anayo. Ziko nyimbo zilizomcheka mwanaume kwa sababu tu hana hela, na mwaka 1999 zilikuwa za Destiny's Child na TLC. Wanaume wakajibu kwa matusi yao. Sizitetei zote. Vilevile Wamarekani Weusi wenyewe wamebishana juu ya hili bila kupakana mafuta. Mwaka 1970 Toni Cade Bambara alikusanya maandishi ya wanawake waliochoka kuambiwa wakae nyuma ya wanaume ili mapambano yasonge; 1977 wanawake Weusi wa kundi la Combahee, Boston, wakatoa tamko lao; 1979 Michele Wallace akaandika kitabu kilichowakasirisha wanaume na wanawake pia. Watu wenye akili na uchungu wamesimama pande zote. Asiyekuwa na hoja ni yule anayesema mjadala haukuwepo mpaka wanawake waliposhika maikrofoni.

Na hilo la wanawake wa Kiafrika kujua nafasi yao limenichekesha. Mwulize kama amesikia Operesheni Vijana. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kuanzia Januari 1969, na wasichana wakazomewa barabarani Dar es Salaam. Mwaka huohuo soul yenyewe ikapigwa marufuku Mkoa wa Pwani. Hapa kwetu waliikataa kwa madai kwamba inawaharibu mabinti. Leo yeye anakuja kwetu kutafuta binti ambaye soul haikumharibu. Amechelewa zaidi ya miaka hamsini. Mama zetu walishazicheza.

Umeniuliza pia juu ya kichwa. Sijui wewe ni Mwislamu au Mkristo. Ukiwa Mwislamu, muulize sheikh yeyote: mali ya mke ni ya mke, na kumtunza ni wajibu wa mume. Ukiwa Mkristo, soma Waefeso sura ya 5 kuanzia mstari wa 21, usianzie wa 22 kama wengi wanavyopenda. Kwa upande wowote hutakuta andiko linalotaja akaunti ya mtu mmoja.

Basi tuje kwenye akaunti. Wapo wanandoa wanaoweka kila kitu pamoja na wanaishi kwa amani, ila akaunti ina majina mawili na kila mmoja ana kadi yake. Wapo wanaochangia akaunti ya nyumba kwa bili na kodi, kila mtu akabaki na yake ndogo. Hiyo ya pili ndiyo ningekushauri, hasa wewe unayetuma hela Tanga. Mshahara wako wote kuingia kwenye akaunti yenye jina lake peke yake ni jambo jingine kabisa: siku ukitaka nauli utaiomba. Simwiti mchumba wako mtu mbaya, simjui. Lakini Tina Turner alikuwa moto jukwaani na mke mtiifu nyumbani, hela na mikataba vikiwa mikononi mwa mumewe, Ike, na siku alipokimbia, Julai 1976 kule Dallas, alikuwa na senti chache tu mfukoni. Utiifu haukumpunguzia kipigo hata kimoja.

Kwa hiyo usibishane naye juu ya Aretha. Zungumzeni hela kabla ya Desemba, mezani, karatasi mbele yenu, tena mbele ya mtu wa tatu. Makanisa mengi na misikiti huko yana mafunzo kabla ya ndoa. Wako pia washauri wa ndoa wenye leseni, na ukitafuta utapata Mweusi anayeelewa anakotoka mwenzio. Angalia anavyopokea neno hapana. Akikasirika halafu mkaendelea kuzungumza, hiyo ni ndoa inajifunza kutembea. Akisusa siku mbili kisha akarudi na sharti lilelile, ahirisha harusi. Kadi za mwaliko zinachapwa upya.

Kuna dalili zikitokea usiniandikie mimi tena: akishika pasipoti yako, akipekua simu, akikukataza kupiga nyumbani, akikutishia habari ya makaratasi yako, au akiinua mkono. Hapo piga 1-800-799-7233, simu ya taifa ya Marekani kwa wanaonyanyaswa na wenzi wao. Ni bure usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Onana pia na wakili wa uhamiaji, ana kwa ana, peke yako. Mke anayeteswa na mume raia ana njia yake kisheria ya kujiombea kibali bila sahihi ya huyo mume, na wanaotishia wengi wanatumaini hulijui hilo. Pasipoti na vyeti viweke unapojua wewe.

Halafu mtafute yule shangazi. Mpelekee chapati, mwombe akuwekee Otis kwanza, Aretha baadaye, na umuulize kwa nini aliinuka siku ile. Familia hiyo unaingia wewe, na yeye anaijua tangu mchumba wako hajazaliwa. Namba yake unayo?